Shika Pumzi, Mama

Jumanne ya tarehe 14 Julai mwaka 1998, jua likiwa limeshapanda na umande umekauka kwenye michongoma ya hospitali, umeme ulikatika sindano ikiwa ndani ya ini la mke wangu.

Chumba kilikuwa kidogo. Dirisha lilizibwa kwa pazia jeusi ili kioo cha mashine kionekane vizuri. Kwandu alilalia ubavu wa kushoto, mkono wa kulia ameutupa juu ya kichwa kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Daktari Constantine, Mhaya mmoja mpole mwenye vidole virefu, alikuwa akikisugua kile kidude cha mashine kwenye mbavu za Kwandu, na kwa mkono wa pili ameshika sindano. Mimi nimechanja ng'ombe, nimedunga madume yanayopiga mateke, lakini sindano ndefu namna ile sikuwahi kuiona. Muuguzi Anyesi alisimama na bomba la spiriti. Mimi nilikuwa miguuni pa Kwandu, nimeshika nyayo zake, kwa sababu alikataa kuingia bila mimi.

"Shika pumzi, mama," daktari alisema.

Kwandu akashika. Walikuwa wameshatueleza tangu mwanzo: ini hupanda na kushuka kwa pumzi kama boya la wavuvi wa Lamadi, ukipumua tu, kinachotafutwa kinahama. Kwenye kioo niliiona ile mvua ya kijivu niliyokwisha kuizoea, na ndani ya mvua sindano ikaingia kama radi inayokwenda polepole, mstari mweupe ukisogea kuelekea kwenye doa.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanda kipya cha kuchambua pamba, umati ukapiga vigelegele na makofi. Kioo kikafa. Mvua ilikatika katikati ya tone.

"Asisogee mtu," sauti ya daktari ilisema gizani. "Anyesi, jenereta."

Nikasikia viatu vya Anyesi vikikimbia kwenye korido.

*

Mimi ni Bujiku wa Nkoma. Wakati huo Bariadi yote bado ilihesabiwa Shinyanga, huu mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Shule niliiacha darasa la tatu, mzee wangu alipofariki na ng'ombe wakahitaji mtu. Kwa hiyo mniwie radhi nisipopanga maneno kama waliosoma. Waliosoma ndio walioniletea haya.

Nilichokijua maishani ni pamba, ng'ombe na ngoma. Nilikuwa manju, kiongozi wa ngoma upande wa Bagalu, na kila mavuno yakiisha tulipambana na Bagika. Asiye wa kwetu huenda asielewe mapambano yenyewe. Ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja, saa hiyo hiyo, hawa huku na hawa kule, na hakuna refa. Refa ni miguu ya watazamaji. Wanakokimbilia watu ndiko kwenye ushindi. Ndiyo maana manju hachezi tu, lazima awe na kitu chake. Mmoja ana chatu. Mwingine anafukiwa kaburini na kutoka amepaka majivu. Mimi nilikuwa na kilio.

Kilio chenyewe alikibuni Kwandu. Mwaka mmoja maksai wangu wa kulimia alianguka na nira shingoni, akafa palepale kwenye tuta, nami nikalia. Nililia kwa uchungu wa kweli, kamasi na machozi, nimemkumbatia pembe. Kwandu alikuja na uji wa shambani, akasimama, akaniangalia, kisha akacheka hadi akakaa chini na uji ukamwagika.

"Baba Mwandu," alisema akijifuta macho, "ukilia hivi uwanjani, Bagika watabaki na ngoma yao na nzi."

Tukakijaribu msimu ule ule. Nilikuwa natokea nyuma ya umati, mbio, kofia mkononi, shati limechanika, nalia. Nawashika watu magoti. "Mke wangu anakufa! Jamani, mke wangu anakufa, nisaidieni!" Ngoma zangu zinanyamaza. Watu wanakuja, wa kwetu na wa Bagika, maana nani atakaa akitazama nyoka wakati mtu anafiwa? Wakishajaa, wakishaniinamia, ndipo nyuma yao inatoka sauti: "Nani anakufa?" Na Kwandu anajitokeza, mnene, anang'aa mafuta, kibuyu cha pombe kichwani bila kukishika, mabega yanatetemeka. Nyanda, mpiga ngoma wangu mkubwa, anaiangukia ngoma. Vumbi linapanda hadi wasionane.

Tulishinda Nkoma, tukashinda Bariadi mjini, tukaitwa hadi Nyashimo. Watoto wakiniona njiani walikuwa wananililia: "Mke wangu anakufa!" halafu wanaangua kicheko. Hata wazee tukisalimiana, ukishamaliza salamu ya mwadila na habari za ng'ombe, swali lilikuwa moja tu: "Na mke, bado hajafa?"

Mama mkwe peke yake ndiye hakucheka. "Kifo hakiitwi kwa ngoma," alisema. "Kina masikio."

*

Kwandu alianza kupungua mwaka ule ushirika wetu ulipofunga maghala. Sisemi kimoja kilileta kingine. Nasema vilikuja pamoja, kama inzi na kidonda. Tuliambiwa sasa ni soko huria, kila mwenye mzani anunue pamba. Wakaja na mizani yao, na kila mzani una uongo wake. Hospitali nazo, ambazo tulizoea kuingia na kutoka, zikaweka dirisha la kulipia kabla ya dirisha la daktari. Wakubwa walipita na magari yao wakisema tuvumilie, mabadiliko yana maumivu. Maumivu yalikuwa ya nani, hawakusema.

Tulianza kwa mganga. Alimchanja chale upande wa kulia, chini ya mbavu, mstari mzuri kabisa, akapaka dawa nyeusi. Kwandu akazidi kuwa na macho ya manjano. Ndipo shemeji yangu wa Kiloleli alipotuambia kuhusu hospitali ile ya masista. Jina lake silitaji. Alisema madaktari Waitaliano wamewaachia mashine inayoona ndani ya mtu bila kumpasua.

Daktari Constantine alimlaza, akampaka ute wa baridi, akaweka kidude. Alipoziona zile chale alitabasamu.

"Mwenzangu alilenga vizuri," alisema. "Ila hakufika ndani."

Akatuonyesha kwenye kioo. Mimi niliona mvua tu. Alipoweka kidole, nikaliona doa, mviringo, kama kwato la ndama kwenye tope. Kansa ya ini, alisema. Kupasua hawezi, ini limeshachakaa, halitastahimili kisu. Ila kwa kuwa doa ni moja na ni dogo, kuna njia: kuliingia kwa sindano huku unaliona, na kulinywesha spiriti kali mpaka life.

Kwandu aliuliza swali moja. "Spiriti ya kunywa?"

"Hii hainyweki, mama."

"Basi lilewe," akasema Kwandu. "Mimi nimebeba kibuyu miaka yote, sikupata hata tone."

Daktari akacheka mpaka akaweka kidude chini. Ndivyo alivyokuwa Kwandu wangu. Kicheko alikitoa popote, kama mtu anayejua kisima kilipo.

Akadungwa mara kadhaa, wiki baada ya wiki. Kila mara ni vile vile: shika pumzi, mama, radi inaingia kwenye mvua, spiriti inasukumwa, doa linageuka jeupe kama pamba iliyopasuka, kisha, achia, mama. Kwandu alikuwa anaachia kwa kelele, "Haa!", kama anayetua mzigo. Doa likafa. Nililiona likiwa kovu. Msimu uliofuata tulicheza, akatoka nyuma ya watu na kibuyu chake, mnene tena, nami nikalia kuliko siku zote. Hakuna aliyejua kwa nini.

Hakuna aliyejua, kwa sababu hatukumwambia mtu. Kwetu, mwanamke akiwa na ugonjwa wa tumbo usioisha, watu wanaanza kutafuta nani kamroga, na wakikosa mrogaji wanamtazama mume. Tukienda hospitali tulisema tunakwenda Kiloleli kwa kaka yake. Hata Nyanda nilimwambia hivyo.

Tulipoanza kuvuna pamba ya mwaka wa tisini na nane tulikwenda kuangaliwa, kama tulivyoagizwa. Daktari alikisogeza kidude, akasimama, akakirudisha nyuma, akasimama tena.

"Kimerudi," alisema.

"Kile kile?" niliuliza.

"Ndugu yake. Na huyu amejenga pabaya, kando ya mshipa mkubwa." Akatuonyesha, kijito cheusi kwenye mvua, na doa likiwa ukingoni kama ng'ombe anayekunywa maji. "Tukiwa tunaona, tutamfikia. Hapa ni lazima tuone kila unywele."

Tukapangiwa dawa za kuandaa damu, kisha tukapangiwa siku. Siku yenyewe ikaangukia ile Jumanne. Wiki moja kabla, Nyanda alikuja nyumbani akichekelea: kile kiwanda kipya kinafunguliwa, mgeni rasmi anatoka mbali, ngoma zote zimeitwa, Bagika na Bagalu. Nikamwambia sitaweza, nampeleka Kwandu Kiloleli.

"Manju gani anakwenda ukweni siku ya vita?" alisema. Aliondoka amenuna.

*

Nirudi gizani.

Wakati ule sikujua ni muda gani ulipita. Nilihisi nyayo za Kwandu zikikaza mikononi mwangu, vidole vinajikunja. Daktari alikuwa anaongea taratibu, anajisemea zaidi kuliko kutuambia sisi: nisiivute, ncha iko karibu na mshipa, nikiivuta bila kuona naweza kuuchana, linawaka sasa hivi, linawaka sasa hivi. Tulikuwa tunasubiri mlio. Kila aliyewahi kulaza mgonjwa pale aliujua: jenereta la buluu nyuma ya jiko, lililokuja pamoja na ile mashine, kwa ajili ya ile mashine, linakohoa mara mbili kisha linanguruma. Umeme ulikuwa unakatika kila mara, na kila mara lilikohoa na kunguruma kabla mgonjwa hajauliza.

Halikukohoa. Aliyekohoa ni Kwandu.

Kikohozi kimoja. Kidogo, cha mtu aliyepaliwa na unga. Mwili wake wote ukaruka mara moja, nami nikamsikia daktari akisema "Hapana" kwa sauti ya chini, kama mtoto.

"Fungua pazia!"

Nililing'oa. Jua likajaa chumbani, likaonyesha kila kitu isipokuwa kilichotakiwa. Sindano ilikuwa imeshatoka, daktari amegandamiza ubavu kwa viganja viwili. Kwandu alikuwa anahema, jasho limemtoka juu ya mdomo. Tukatazamana. Alionekana kama mtu aliyevunja chungu cha jirani.

Daktari alishika mshipa wa mkono wake, akabonyeza tumbo, akasubiri, akabonyeza tena. Rangi ilimtoka usoni, na yeye ni mweusi kunishinda.

"Mzee Bujiku," alisema, "anavuja ndani. Nikiona panapovuja, naweza kupaziba kwa sindano hii hii. Bila picha, mimi na wewe ni sawa."

Anyesi alirudi anahema. "Jenereta halipo, daktari."

"Halipo vipi?"

"Limechukuliwa alfajiri na gari la kiwanda. Liko kwenye sherehe. Wamefungia spika."

Kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti kubwa na safi, tukasikia mtu akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Ndiyo. Nikajikuta nasikia umeme wa hospitali ukisema moja, mbili.

Nilishaanza kukimbia Kwandu aliponiita. "Baba Mwandu."

Nikageuka mlangoni.

"Ukifika huko," alisema, na sauti yake ilikuwa nusu, "usilie."

Nilidhani ananifariji.

*

Waliohudhuria walinieleza baadaye nini kilitangulia. Mgeni rasmi alikata utepe, akabonyeza swichi, mitambo mipya yote ikaamka kwa mpigo mmoja, watu wakashangilia, na mitambo ikalala. Ilikuwa imeuvuta umeme wa senta nzima mpaka ukakatika. Pale jukwaani hawakujali, maana spika zilikuwa na chakula chao. Mshereheshaji akasema mafundi wanarekebisha jambo dogo, kwa sasa tuburudike. Akaziita ngoma.

Nilipofika, Bagika walikuwa wanashinda. Chatu wao alikuwa shingoni mwa manju wao na uwanja wote ulikuwa umewaelemea. Upande wetu Nyanda na wenzake walikuwa wanapigia nyasi. Nyuma ya turubai la wakubwa nililiona jenereta la buluu likitetemeka juu ya majani, na waya wake mweusi ukipita miguuni pa walinzi wa mgambo.

Nikawakimbilia watu. Kofia ilikuwa mkononi, sijui kwa nini. Nadhani niliivua nilipoingia kwa daktari, kwa adabu. Shati lilichanika kwenye michongoma nilipokata njia. Na machozi yalikuwa yanatoka, Mungu ni shahidi, nilijaribu kuyazuia yakanishinda.

"Mke wangu anakufa!" nilipiga kelele. "Jamani, mke wangu anakufa, nisaidieni!"

Uwanja ukalipuka.

Sijawahi kushangiliwa vile. Wanawake walipiga vigelegele hadi chatu akaficha kichwa. Watu walimtoka manju wa Bagika kama maji yanavyotoka kwenye karai lililopinduliwa, wakaja kwangu mbio, wanacheka, wanasukumana wapate mbele. Na ngoma zangu zikanyamaza. Nyanda alikuwa amenyanyua fimbo zake juu, meno yote nje, anasubiri, amesamehe yote.

"Hapana," nilimwambia. "Nyanda, hapana. Ni kweli. Yuko hospitali hapo, anavuja damu ndani, nahitaji lile jenereta."

"Ameongeza jenereta!" mtu alisema, na kicheko kikaenda nyuma kwa walioshindwa kusikia.

Nikapiga magoti mbele ya mzee mmoja, nikamshika miguu. Akanipigapiga kichwani. "Wabeja, manju, asante. Leo umelia vizuri." Nikamshika mwingine. Akanibandika noti kwenye paji la uso, ikaganda kwa jasho. Nikaanza kupasua umati nielekee kwenye turubai, nao wakanifuata kwa furaha, wakinifungulia njia, maana walidhani nampelekea mgeni rasmi kilio changu. Kwenye spika nikamsikia mshereheshaji: "Mheshimiwa, huyu ndiye Bujiku wa Nkoma, maarufu kwa kulia. Usishtuke. Mke wake yuko hapa hapa, atatokea."

Nikafika mbele ya meza. Kulikuwa na chupa za soda zenye umande na maua ya karatasi. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, na uso wake haukuwa mbaya. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, ningependa uwe mbaya.

"Mheshimiwa," nilisema, "sichezi. Naomba jenereta la hospitali. Mke wangu anakufa."

Akainama kwa waliokaa naye, akasema kitu, wakacheka. Kisha akasimama na kunitunza, akaisukuma noti kwenye mfuko wa shati langu lililochanika kwa vidole viwili, akapiga makofi.

Na nyuma yangu uwanja mzima ulikuwa umeanza kuita. Kwanza wachache, kisha wote, kwa mapigo: "Kwandu! Toka! Kwandu! Toka!"

Hapo ndipo nilipoelewa alichoniambia mlangoni.

Nikaruka meza. Chupa zilianguka. Nililifikia jenereta, nikaushika ule waya kwa mikono miwili, nikaung'oa. Sauti ya mshereheshaji ilikatika katikati ya neno. Mgambo wawili wakaniangukia, mmoja akaniweka goti mgongoni, na shavu langu likawa kwenye majani, karibu kabisa na lile jenereta, nasikia joto lake. Lilikuwa linanguruma vizuri. Mafuta tele.

Kwa kuwa spika zilikuwa zimekufa, mwito wa watu ndio uliobaki peke yake. "Kwandu! Toka!" Halafu nikasikia ukigeuka kuwa shangwe kubwa, na umati ukifunguka, na mtu akisema kwa furaha, "Huyoo! Leo amevaa nyeupe!"

Nilinyanyua kichwa kadiri goti lilivyoniruhusu. Katikati ya njia waliyoifungua watu alikuwa anakuja Anyesi, na sare yake, na mikono yake ikiwa bado kwenye glavu. Alitembea, hakukimbia. Nyanda alikuwa ameshashusha fimbo za kwanza, ngoma ikalia mara moja, du, ndipo alipoona glavu.

Kimya kile sijui nikifananishe na nini. Watu wote wale, na chatu, na mheshimiwa.

"Mwachieni," Anyesi aliwaambia mgambo.

Nikasimama. "Waambie walibebe," nilimwambia. "Nimeshaling'oa waya. Waambie walibebe, si zito, watu wanne tu."

"Njoo, baba," alisema.

"Picha imerudi?"

"Njoo tu, baba."

*

Walikuwa wameshamfunika hadi kifuani. Daktari alikuwa amekaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, viganja vimelala juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine. Nilimwita Kwandu kwa jina la baba yake, Ng'wana Salu, kama nilivyomwita siku za uchumba. Sikulia. Aliniambia nisilie.

Tukiwa hapo, taa iliwaka. Mafundi wa kiwanda walikuwa wamemaliza jambo lao dogo. Ile mashine nayo ikaamka yenyewe, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima, na kioo kikajaa ile mvua ya kijivu, mvua tupu, isiyomnyeshea mtu.

Mama mkwe alisema kwenye matanga kwamba kifo kilikuwa na masikio. Mimi niliwatafuta wenye mikono. Nilimwendea msimamizi wa hospitali: akasema neno lilitoka juu, yeye hana uwezo wa kukataa neno la juu. Nikaenda huko juu, nikakalishwa kwenye benchi hadi makalio yakafa ganzi: wakasema hospitali ilijitolea yenyewe, kuunga mkono maendeleo. Nikaenda kiwandani: wakasema waliambiwa jenereta ni la ziada, halina kazi. Nikamtafuta hata dereva aliyelibeba, akasema yeye alionyeshwa tu. Nilirudi kwa msimamizi, akawa amehamishwa. Kwa wakubwa kosa ni kama ng'ombe wa wizi, ukifika kila zizi unaambiwa amepita hapa jana. Kiwanda chenyewe kilichambua pamba misimu michache kikafungwa. Sasa popo wanakaa mle.

Ngoma sikucheza tena. Nyanda alikuja siku moja na zile fimbo, akaziweka mlangoni kwangu, akaondoka bila kuketi.

Daktari Constantine nilikutana naye miaka mingi baadaye, Nyashimo, kwenye kituo cha mabasi ya Musoma. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Alinijua kabla sijamjua, akavua kofia, akaniamkia, yeye msomi, "Shikamoo, mzee Bujiku." Alidhani nitamuuliza habari za jenereta. Alianza kuniambia, aliandika, alilalamika, aliacha kazi pale mwezi ule ule. Nikamwambia hayo nimeshamaliza kuyauliza.

"Nina swali jingine, daktari. La siku ile. Ulimwambia ashike pumzi."

"Nilimwambia."

"Akashika. Umeme ukakatika."

"Ndiyo."

"Siku zote ulikuwa unasema achia, mama."

Aliangalia barabara. Niliona midomo yake ikisogea, anairudia siku ile neno kwa neno, anatafuta. Basi lake likafika, konda akagonga bati, watu wakaanza kupanda. Alikuwa bado anatafuta. Aliketi dirishani akaniangalia kupitia kioo hadi basi likaondoka, nami nikabaki pale na vumbi lake.

Mimi nami nalitafuta lile neno. Nikilala ubavu wa kushoto, nikisikia jenereta la duka likikohoa, nikimuona mtu anafukuza ndege kwenye mtama. Kwandu wangu alikuwa mwanamke wa kutii, akiambiwa shika, anashika, mpaka kifua kikatae. Chumbani tulikuwa wanne. Nani alimwambia aachie?